UZI: Fonksionere (mtumishi) mkubwa wa fedha za Leta (serikali ya Kongo), kutoka matrikule (namba ya mtumishi) hadi sahihi ya mwisho

Kisanga_Lisansi ameandika:

Mwapoleni wakubwa. Hapa Lubumbashi kila mwaka vijana wanamaliza Uchumi pale UNILU, chuo kikuu chetu, na wengi wanataja majina yote ya mawaziri wa Fedha bila kujua nani anaandaa karatasi ambazo waziri anatia sahihi. Naomba tuweke uzi mmoja wenye mambo ya uhakika. Mtu anapandaje ngazi mpaka kuwa mkubwa wa fedha za Leta? Pesa inapita mikono ya nani kabla haijamfikia aliyefanya kazi? Na ile redevance ya migodi, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayouza, sehemu ya komini (utawala wa mtaa) inahesabiwaje? Siasa tuiache pembeni.

---

Mzee_Bajeti ameandika:

Mwanangu, kwanza tenganisha milango miwili, maana hapo ndipo vijana wanapotea njia. Mlango mmoja ni kabine ya waziri: mkurugenzi wa kabine, washauri na wasaidizi wao. Hao wanaingia na waziri na wanatoka naye, hata kama ni usiku. Mlango wa pili ni utawala wenyewe, chini ya Katibu Mkuu wa wizara. Serikali ikianguka, huo unabaki umesimama, na kumbukumbu ya nchi iko humo.

Kwa upande wa utawala sheria inayotawala ni n° 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1981. Mwenye lisansi (digrii) anaanzia kwenye ngazi ya attaché d'administration. Juu yake kuna mkuu wa biro, mkuu wa divisheni, mkurugenzi, halafu Katibu Mkuu. Wakubwa wa juu wanateuliwa kwa ordonansi (amri ya maandishi) ya Rais wa Jamhuri, kifungu cha 81 cha Katiba. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi safi miaka mingi na akasimama kwenye divisheni, kwa sababu kutoka hapo kwenda juu kunahitaji nafasi iliyo wazi na sahihi ya Kinshasa.

Kupanda kunaangalia mambo matatu: nafasi ipo kwenye muundo wa huduma, umri wako katika ngazi uliyopo, na maksi unazopewa na mkubwa wako kila mwaka, ile cotation. Hilo la tatu ndilo watu wanalipuuza. Mwaka ukipita bila cotation kuwekwa kwenye dosie (faili) yako, tume ikikaa kupandisha watu inakuta shimo, na hakuna atakayekumbuka kwa nini lipo. Dai nakala kila mwaka, yenye sahihi na muhuri, iweke nyumbani.

Kuhusu mahali pa kufanya kazi: Fedha na Bajeti ni wizara mbili. Bajeti inapanga na kusimamia ahadi za matumizi, Fedha inakusanya na kulipa. Chini ya Fedha kuna mashirika matatu ya mapato: DGI ya kodi, DGDA ya forodha, DGRAD ya mapato ya utawala na ya mali ya Leta. Wakaguzi wa IGF wapo tangu 1987 na wanamjibu Rais. Mahakama ya Hesabu inakagua kwa ajili ya Bunge na inahukumu wahasibu. Kwa maoni yangu, anayetaka kuwa mkubwa wa kweli afanye kazi pande zote mbili, mapato na matumizi. Aliyekulia kwenye matumizi peke yake anaandika bajeti yenye mapato ya ndoto. Aliyekulia kwenye mapato peke yake anadhani dosie ikichelewa ni uvivu wa mtu.

---

Ruashi_Kijana ameandika:

Asante Mzee. Na hawa wanaoitwa NU, wanaofanya kazi miaka bila mshahara, wanatokea wapi kama sheria ni wazi hivyo?

---

Mama_Solde ameandika:

Mwanangu Ruashi, NU ni "nouvelle unité": mtu amepokelewa kazini na huduma lakini hajaingia kwenye mashine ya mshahara. Mambo yanapaswa kufuatana hivi. Kwanza kuna tangazo na mtihani, au njia ya ENA iliyoanza upya 2013. Halafu hati ya kukubaliwa chini ya statut (ile sheria ya 2016), ambayo ndiyo inatoa matrikule. Halafu barua ya kupangiwa kazi, hati ya kuanza kazi yenye tarehe na sahihi ya mkubwa wa huduma, kisha dosie inapelekwa kwa walipaji mishahara upande wa Bajeti ili jina liingizwe kwenye listi. Tangu 2011 mishahara inapitia banki, kwa hiyo akaunti ni hatua ya mwisho.

Dosie zinakwama wapi? Mara nyingi huduma inapokea mtu na kumpa barua ya kazi tu, bila nafasi iliyowekewa fedha kwenye bajeti. Barua hiyo haimfungi mlipaji hata kidogo. Sababu ya pili ni majina: diploma inasema Ilunga Kazadi Jean, kadi ya mpiga kura inasema Kazadi Ilunga, banki imeandika Ilunga K. Mashine inaona watu watatu. Sababu ya tatu ni tarehe za kuzaliwa kutofautiana, na hilo linarudi kuuma mwishoni, kwa sababu kustaafu kunahesabiwa kwa umri wa miaka 65 au miaka 35 ya kazi. Sahihisha majina na tarehe kabla ya kupeleka dosie, kwa hukumu ya mahakama ikibidi. Ukishaingia kwenye mashine na kosa, kulirekebisha ni kazi nyingine kabisa.

Jambo moja la mwisho kwa wanaopanda haraka. Ukiwa fonksionere wa kazi na waziri akakuita kabine, usiende kwa simu. Dai uamuzi wa kukuweka kwenye détachement, yaani kuazimwa rasmi. Bila karatasi hiyo, kwenye huduma yako unahesabika umeacha kazi, na kabine ikivunjwa unarudi kukuta meza ina mtu na miaka yako haihesabiwi.

---

Kisanga_Lisansi ameandika:

Hili la détachement sikulijua kabisa, mama, ubarikiwe. Sasa wakubwa, njia ya pesa yenyewe.

---

Kontrole_Kampemba ameandika:

Nitaeleza matumizi ya kawaida, tuseme divisheni moja inataka madawati 500 kwa shule. Kanuni ziko kwenye sheria ya fedha za umma n° 11/011 ya tarehe 13 Julai 2011, ambayo watu wanaiita LOFIP. Hatua ni nne: kuahidi, kuhakiki, kuamuru, kulipa.

Kabla ya kuahidi kuna soko, yaani mkataba wa ununuzi. Sheria n° 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 inataka ununuzi uwe kwenye mpango wa mwaka na ushindanishwe. Mtego mkubwa hapa ni kukata: madawati 500 yanageuzwa kuwa oda tano za madawati 100 ili kila oda ikae chini ya kiwango cha kushindanisha. Mkaguzi anaona haraka, kwa sababu oda tano zina mtoaji mmoja, wiki moja, bei moja.

Kuahidi: msimamizi mdogo wa kredi (fedha iliyoruhusiwa na bajeti) anaandika bon d'engagement, karatasi ya ahadi. Kontroleri wa bajeti anaangalia vitu vitatu kabla ya kutia viza, yaani kibali chake: mstari wa bajeti upo na ni wa aina hiyo ya matumizi, kredi iliyobaki inatosha, na ahadi imo kwenye mpango wa robo ya mwaka. Hicho cha tatu kinawaumiza wengi. Mstari unaweza kuwa na kredi nzuri ya mwaka mzima lakini robo hii haina nafasi, kwa sababu hazina inajua pesa ya kodi itaingia lini. Wanaokuja Januari na oda ya mwaka mzima wanarudishwa.

Kuhakiki: hapa Leta inakubali kwamba inadaiwa, na inadaiwa kiasi gani. Inahitajika fakitura, hati ya kupeleka mzigo, na prose-verbal (ripoti rasmi) ya kupokea iliyosainiwa na tume, si mtu mmoja. Tume inahesabu madawati yaliyopo. Kama yamefika 480, deni ni la 480.

Mimi nikifungua dosie naangalia tarehe mbili kwanza: ya fakitura na ya bon d'engagement. Fakitura ikitangulia bon, ina maana mzigo uliagizwa kwa mdomo, na ahadi imeandikwa baadaye kufunika. Dosie hiyo inarudi hata kama madawati ni mazuri na watoto wameshakaa juu yake. Fundi anapiga kelele, na ana haki ya kuumia, lakini aliyemdanganya ni yule aliyemwambia "anza tu, karatasi itafuata". Kwa karatasi, Leta haikumwagiza kitu.

Kuamuru: upande wa serikali kuu amri ya kulipa kwa kawaida inatoka Fedha. Upande wa mkoa mwenye mamlaka ya kuamuru ni gavana, na anaweza kumkabidhi mwingine kwa maandishi. Kulipa ni kazi ya mhasibu wa umma, naye ni mtu tofauti na aliyeamuru. Mhasibu anawajibika kwa mali yake mwenyewe, kwa hiyo ana haki na wajibu wa kukataa amri isiyo na karatasi kamili. Mkubwa aliyeamuru akishika pesa kwa mkono wake mwenyewe, sheria inamwita mhasibu wa kujifanya, gestion de fait, na Mahakama ya Hesabu inaweza kumdai kama mhasibu.

Makosa madogo yanayorudisha malipo: nambari ya akaunti imekosewa tarakimu moja, fakitura imeandikwa kwa dola bila kutaja kiwango cha kubadilisha na tarehe yake, jina la kampuni kwenye banki halilingani na la mkataba. Na mwisho wa mwaka, tarehe 31 Desemba, kredi isiyoahidiwa inakufa. Ndiyo maana Novemba na Desemba maofisi yanajaa watu.

---

Kalubwe_243 ameandika:

Yaya Kontrole, mbona basi kuna malipo yanayotoka siku moja bila hayo yote?

---

Kontrole_Kampemba ameandika:

Hiyo ndiyo procédure d'urgence. Pesa inatoka kwanza, karatasi zinafuata. Kwa vita, mafuriko, maradhi ya mlipuko, ina haki yake. Tangu waasi wa M23 waingie Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025 mapato ya upande ule hayafiki hazina na gharama za usalama zimepanda, hakuna anayeweza kusema dharura haipo.

Lakini mfahamu inavyofanya kazi. Malipo ya dharura baadaye lazima yaingizwe kwenye mstari fulani wa bajeti. Yanapoingizwa yanakula kredi. Wizara iliyofuata njia ya kawaida, ikasubiri robo yake, inafika na bon yake na kukuta hakuna kitu. Kwa hiyo dharura ikizidi, inawaadhibu wale waliofuata sheria, na mwaka unaofuata nao wanatafuta mlango wa dharura. FMI (Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwenye programu zake na Kongo imekuwa ikidai matumizi haya yapunguzwe, na kwa hili naona wana haki. Hapo fonksionere mkubwa anapimwa: kusema mapema, kwa maandishi, kwamba matumizi haya si ya dharura. Akisema kwa mdomo hajasema.

---

Mzee_Bajeti ameandika:

Niongeze upande wa sera ya uchumi, maana kazi ya fedha si dosie tu. Tazameni waliopita pale juu.

Jean-Claude Masangu alikuwa gavana wa Benki Kuu kuanzia 1997 mpaka 2013. Franka ya Kongo ilitoka 1998 mikononi mwake, na mwaka 2000 bei zilipanda zaidi ya 500%. Mei 2001 kiwango cha kubadilisha pesa kiliachwa kielee, serikali ikaacha kutumia pesa ambayo haijaingia, na 2002 ongezeko la bei likawa chini ya 20%. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Freddy Matungulu, alitoka FMI. Dawa yenyewe haikuwa na siri: kama hazina haina pesa, Benki Kuu isichapishe. Ugumu ulikuwa kuwaambia mawaziri wenzako hapana kila wiki.

Augustin Matata Ponyo alipita Benki Kuu, akaongoza BCECO, ofisi ya Leta ya kuratibu miradi, akawa waziri wa Fedha 2010, kisha Waziri Mkuu 2012 hadi 2016. Julai 2010 Kongo ilifika mwisho wa mpango wa nchi maskini zenye madeni na sehemu kubwa ya deni la nje ikafutwa. Wakati wake malipo yalifuata pesa iliyopo kwenye kasa, na dola ilikaa karibu na franka 920 kwa miaka. Mtu huyohuyo, Mei 2025, Mahakama ya Katiba ilimhukumu miaka 10 ya kazi ngumu katika kesi ya Bukanga Lonzo, mradi wa kilimo wa wakati alipokuwa serikalini. Yeye amekana mashtaka. Naliweka hapa kwa sababu vijana wanaangalia cheo na gari. Sahihi ya matumizi inaishi kuliko cheo, na dosie inafunguliwa miaka mingi baada ya wewe kutoka.

Na kwa sisi wa Katanga kuna hesabu moja ya kushika. Bei ya shaba ilianguka 2015 na 2016. Kampuni zikalipa kodi kidogo, dola zikapungua Benki Kuu, serikali ikaendelea kutumia kwa franka. Mwisho wa 2017 dola ilikuwa karibu franka 1.600 na bei zilikuwa zimepanda zaidi ya 50% kwa mwaka. Anayepanga bajeti Kinshasa bila kuuliza bei ya shaba inaelekea wapi anapanga gizani. Mshahara wa mwalimu wa Katuba unaamuliwa kwa sehemu kubwa kwenye soko la madini la London.

---

Kenya_Hesabu ameandika:

(Kenya komini, si nchi.) Wakubwa, hapa mtaani tunasikia 40%, 25%, 15%, 10%, kila mtu anazijumlisha. Wengine wanasema mkoa una haki ya 40% ya migodi kwa sababu 25 na 15 ni 40.

---

Redevance_Kipushi ameandika:

Usijumlishe, ndugu, ni vitu viwili tofauti vinavyofanana kwa bahati.

Cha kwanza ni Katiba. Kifungu cha 175 kinasema 40% ya mapato ya kitaifa ni ya mikoa na yanakatwa pale pale yanapokusanywa. Kifungu cha 181 kinaweka kasa ya péréquation ya 10%, ya kusaidia mikoa iliyobaki nyuma kujenga. Kwa vitendo pesa inaingia kwanza akaunti ya hazina na mkoa unarudishiwa kile Kinshasa inachoamua, mwezi inaoamua yenyewe. Matokeo yake bajeti ya mkoa inaandikwa na 40% kamili kwenye karatasi, Bunge la mkoa linapiga kura, halafu inafika sehemu tu. Aliyeandika kwa uaminifu anaonekana mwaka wa kwanza kama mtu mwenye bajeti ndogo. Ni afadhali hivyo. Bajeti kubwa isiyo na pesa inazalisha madeni kwa wajenzi, na wajenzi wanaopanga bei mwaka unaofuata wanaongeza juu gharama ya kungoja.

Cha pili ni Code Minier, yaani Sheria ya Migodi, n° 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Redevance ya shaba ni 3,5% ya thamani ya biashara ghafi. Kobalti ilitangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inalipa 10%. Redevance inagawanywa hivi: 50% serikali kuu, 25% mkoa, 15% entité (komini, sekta au chefferie) ambayo mgodi umo ndani yake, 10% mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN.

Chukua mfano wa kuhesabia. Kampuni inauza tani 1.000 za shaba, na tuseme thamani ni dola 9.000 kwa tani. Jumla ni dola 9.000.000, na redevance ni 315.000. Serikali kuu 157.500, mkoa 78.750, entité 47.250, FOMIN 31.500. Ukikuta komini imepata chini ya hiyo, tafuta kwanza kosa kwenye tani na asilimia za madini ndani ya mzigo, kabla ya kusema kuna wizi. Konsentre (madini yasiyosafishwa kikamilifu) yenye shaba kidogo haihesabiwi kama katodi (shaba safi).

Mambo mawili yanaleta ugomvi. La kwanza ni mipaka. Tangu Katanga igawanywe mikoa minne 2015, na hata kabla, kuna migodi inayogusa chefferie (maeneo ya machifu) mbili au sekta na komini. Kila upande unapeleka karatasi yake ya kudai, kampuni inangoja wakubaliane, na pesa inalala. Mchoro wa kadasta ya migodi (ramani ya vibali vya migodi) uwekwe juu ya mchoro wa mipaka ya entité mapema, kabla ya tani ya kwanza kutoka. La pili ni kuchanganya 15% ya redevance na 0,3% ya mauzo ambayo kampuni inatoa kwa maendeleo ya jamii. Hiyo 0,3% haiingii kasa ya komini. Inasimamiwa na chombo chake chenye wawakilishi wa jamii na kampuni. Burgumestre (mkuu wa komini) akiiweka kwenye bajeti yake, amekosea mstari.

---

Kenya_Hesabu ameandika:

Sasa raia wa kawaida, au mhasibu mpya wa komini, anathibitishaje hizo 15%?

---

Redevance_Kipushi ameandika:

Kwa karatasi nne, na kwa mpangilio huu. Moja, ripoti ya ITIE (mpango wa uwazi wa mapato ya madini) ya Kongo, ambayo iko wazi kwa kila mtu na inaonyesha malipo kampuni kwa kampuni, pamoja na yale yaliyokwenda kwa entité. Mbili, karatasi za kudai ambazo komini yenyewe ilitoa kwa kampuni, zenye tani, bei na kipindi. Tatu, taarifa ya banki ya akaunti ya komini kwa miezi hiyo. Nne, bajeti ya komini na ripoti ya utekelezaji wake.

Anza na namba ya ITIE, itafute kwenye banki. Kama iko banki na haipo kwenye ripoti ya utekelezaji, pesa ilitumika nje ya bajeti, na swali ni la burgumestre. Kama iko ITIE na haipo banki, omba kampuni hati ya uhamisho uone nambari ya akaunti iliyolipwa. Mara nyingi jibu liko hapo: akaunti ya zamani, au akaunti ya entité jirani. Angalia pia mwaka. Malipo ya tani za Desemba yanaingia banki Januari au Februari, na mtu anayelinganisha mwaka kwa mwaka bila kuliona hilo atapata pengo ambalo si pengo.

---

Mama_Solde ameandika:

Na mhasibu mpya akipokea ofisi, asitie sahihi ya kupokea kasa kabla hajapata taarifa ya banki ya siku hiyohiyo na listi ya bon zote zilizoahidiwa ambazo hazijalipwa. Aziambatanishe kwenye prose-verbal ya makabidhiano, ukurasa kwa ukurasa, wote wawili waweke parafu (sahihi fupi). Bila hiyo, madeni ya aliyetangulia yanakuwa yake.